Ngiri Aliyeziba Mlango wa Nyuma

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa na nani?

Pakawa na mjinga.

Yumo humu ukumbini?

Hayumo, simulia tu.

Haya basi. Zamani, zamani sana, wakati wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na ngiri mmoja. Alikuwa na mke na watoto wanne. Mkewe akiitwa Siwatu. Yeye mwenyewe alikuwa na jina, lakini alipenda kuitwa Bwana Mkubwa. Sisi tutamwita Ngiri, inamtosha.

Ngiri alikaa bondeni karibu na mto, kwenye shimo zuri, pana, lenye baridi wakati wa jua. Shimo hilo hakulichimba yeye. Ngiri hakuwahi kuchimba kitu ila mizizi ya kula. Aliyelichimba ni Muhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha kama majembe. Siku Muhanga alipofungasha kuhama, alimwambia Ngiri, "Ndugu yangu, mimi nahamia kilimani. Hapa ni njia ya maji. Yakichelewa yamechelewa tu, lakini yatapita."

Ngiri alisikia neno moja: nahama. Kabla vumbi la Muhanga halijatua, yeye alikwisha kuingia ndani, kichwa mbele, akajinyoosha. Wako watu wakiona nyumba nzuri imeachwa tupu, hawaulizi imeachwa kwa nini.

Siwatu aliuliza. Siku moja alikuwa akichimbua mizizi chini ya mgunga. Akainua macho, akaona matete makavu yamenasa kwenye matawi, juu kuliko kichwa chake, juu hata kuliko kichwa cha punda milia. Yalikuwa na tope lililogandamana. Akamwita mumewe.

"Baba Mize, haya matete nani kayapandisha huku?"

"Ndege."

"Ndege gani anayejenga kwa tope la mtoni?"

"Mke wangu, mimi nimezaliwa bonde hili. Baba yangu kazaliwa bonde hili. Babu yangu kazaliwa bonde hili hili."

"Na babu yako kafia wapi?"

Ngiri akajikuna shavu kwenye gogo. "Babu alichukuliwa na maji," akasema. "Lakini alikuwa shujaa. Hakulia."

Siwatu akayatazama tena yale matete. Akawatazama watoto wake, na zaidi Mize, binti yake wa mwisho, ambaye miguu yake ilikuwa mifupi kama vigunzi. Akasema moyoni, huyu bwana kazi yake ni kuhesabu mababu. Kazi yangu mimi ni hawa.

Akaanza na chakula. Kila akichimba mizizi minne, watu wakala mitatu, mmoja akauanika. Ikikauka, akaipandisha kilimani, akaificha kwenye ufa wa mwamba pamoja na njugu mawe na kibuyu cha maji safi, amekiziba kwa majani. Alipanda na kushuka, akapanda na kushuka, mpaka ufa ukajaa.

Sasa Ngiri alikuwa na rafiki, naye ni Mbweha. Rafiki wa kula na kucheka, si wa kubebeana mzigo. Ngiri akamwonyesha ule ufa, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kichekesho. Mbweha alicheka, kisha akala. Ngiri naye akala. Wakala mpaka njugu ya mwisho, na maji ya kibuyu wakanawia miguu. Mbweha, tumbo limejaa chakula cha Siwatu, akatunga wimbo:

*Mke wa rafiki yangu mwoga,*
*mwoga wa maji asiyoyaona.*
*Mto umekauka, vyura wana kiu,*
*yeye bado aogopa kuloana.*

Na Ngiri akaitikia. Mtu mzima, ana meno marefu, anamwimba mkewe mwenyewe.

Siwatu alipoukuta ufa mtupu, alimwuliza mumewe, "Kile chakula kilikuwa cha siku ya dhiki. Mmekila kwa nini?"

"Siku yenyewe ilikuwa jana," Ngiri akasema. "Mgeni wangu alikuwa na dhiki ya njaa."

Siwatu hakugombana. Akaanza jambo la pili. Aliona shimo lao lina mlango mmoja tu, tena unaotazama mtoni. Akaanza kuchimba mlango wa nyuma, kuelekea upande wa kilima. Alichimba kwa pua, alichimba kwa magoti, magoti yakachubuka. Siku mwanga ulipoingia kwa nyuma, watoto walishangilia, wakawa wanaingia huku wanatokea kule.

Mbweha akaja kutembea. Akauzunguka ule mlango, akaunusa. "Ndugu Ngiri," akasema, "nyumba ya milango miwili ni nyumba ya mwizi. Au mkeo ana mgeni anayependa kutokea nyuma?"

Akaimba:

*Mke wa rafiki yangu mwoga,*
*mwoga wa maji asiyoyaona.*
*Mto umekauka, vyura wana kiu,*
*yeye bado aogopa kuloana.*

Ngiri akaona aibu. Si aibu ya kula akiba ya watoto, hiyo hakuiona. Aliona aibu ya kuchekwa. Akaingia, akauziba mlango. Na hata ujinga wake aliufanya kivivu: alisukuma udongo kidogo kwa pua, akaukanyaga kidogo, akachoka, akalala.

Siwatu akabaki na jambo la tatu. Hili halikuwa na pa kufichwa wala pa kuzibwa. Akawakusanya watoto.

"Nikikoroma kwa nguvu, mnafanya nini?"

"Tunaacha kila kitu."

"Na mzizi ulioubakiza?"

"Tunauacha."

"Nani mbele?"

"Mkubwa mbele, mikia juu, tuonane."

"Tunakutana wapi?"

"Jiwe jeupe, kilimani."

"Mlango ukizibwa?"

"Tunatokea wa nyuma."

"Na wa nyuma ukizibwa?"

Mize, mdogo kuliko wote, akasema, "Tunachimba."

"Na tukishafika juu?"

"Haturudi chini."

Wakawa wanafanya hivyo kama mchezo. Siwatu akikoroma, watoto mbio, mikia imesimama kama mabua, mpaka jiwe jeupe. Asubuhi wanakimbia, jioni wanakimbia. Mbweha alipowaona alicheka akagaagaa chini, akaimba wimbo wake ule ule. Ngiri akapiga marufuku. "Watoto wangu si digidigi," akasema, "kukimbia bila kufukuzwa."

Watoto wakaacha, maana ni amri ya baba. Lakini chakula huliwa, na mlango huzibwa. Kilichoingia miguuni mwa mtoto hakitoki kwa amri.

Ikawa siku moja ya jua kali. Mbingu nyeupe, hata wingu la kumkinga kunguru halikuwepo. Siwatu alikuwa karibu na mto, akaona siafu wanapanda kilimani, wamebeba mayai yao. Akatazama mtoni. Yale maji kidogo yaliyobaki yalikuwa yamegeuka mekundu, yanaleta majani mabichi. Majani mabichi, na bondeni kote hakuna jani bichi. Akakimbia nyumbani.

Alimkuta Ngiri ndiyo kwanza anaingia kulala, kichwa mbele, matako mlangoni, kama kawaida yake.

"Baba Mize, toka. Maji yanakuja."

"Tazama juu," sauti ya Ngiri ikatoka ndani. "Unaona wingu?"

"Hapa silioni. Huko milimani mto unakotoka sijui."

"Basi nalala."

Siwatu akakoroma kwa nguvu. Watoto watatu waliokuwa kivulini wakaruka, wakaacha mizizi waliyokuwa wakitafuna. Mkubwa mbele, mikia juu. Siwatu akawahesabu kwa mikia. Watatu. Mize hayupo.

Mize alikuwa amelala ndani ya shimo, mwisho kabisa, na baba yake amejaza njia yote kama kizibo cha mtungi.

Siwatu akawaambia wale watatu, "Nendeni jiwe jeupe, msisimame." Wakaenda. Yeye akatia mdomo mlangoni, pembeni mwa mapaja ya mumewe, akaita, "Mize, mlango umezibwa. Mlango umezibwa, mwanangu."

"Mtoto kalala," Ngiri akasema. "Usimtishe."

Hapo ndipo Siwatu alipousikia mto. Ulikuwa ukinguruma kwa mbali kama kundi la nyati. Akazunguka mbio upande wa kilima, pale palipokuwa na mlango wake. Alikuta udongo tu. Akaanza kufukua, machozi yanamtoka, huku akimlaani mumewe kwa majina yote aliyoyajua. Mara udongo ukatikisika kutoka chini. Ikatokea pua ndogo imejaa vumbi, halafu macho, halafu Mize mzima, anapiga chafya.

"Nimechimba," akasema.

Siwatu hakumbusu, hakumkumbatia. Hapakuwa na nafasi. Alimsukuma kwa paji la uso. "Mkia juu. Nenda." Na ule mkia mdogo ukapanda kilima, Siwatu akiutazama mpaka ukafika kwa wenzake.

Kisha akasimama. Aliwafundisha watoto kwamba ukifika juu hurudi chini. Lakini yeye hakuwa amefika juu bado. Akashuka mlangoni. Maji yalikuwa yamefika, yanalamba miguu ya Ngiri ya nyuma, na sasa Ngiri alikuwa ameamka. Alitaka kugeuka, njia ya mlangoni nyembamba. Alitaka kurudi nyuma, hakujua vipi, maana maisha yake yote alikuwa akirudi nyuma polepole, hajawahi kurudi nyuma kwa haraka. Akapiga kelele. Shujaa alilia.

Siwatu akamng'ata mkia, akavuta.

"Nani huyo ananishika mkia?" Ngiri akauliza. "Mimi mtu mzima."

Siwatu hakujibu, mdomo ulikuwa na kazi. Akavuta, maji magotini. Akavuta, maji kifuani. Akavuta mara ya tatu, Ngiri akachomoka kama muhogo. Siwatu hakuuachia mkia hata hapo. Alimburura kinyumenyume mpaka kilimani, na wanyama wote waliokwisha kupanda walikuwa wamekaa wanatazama.

Chini yao bonde likawa ziwa. Shimo halikuonekana tena, wala mgunga ule haukuonekana ila kilele.

Jua likaanza kushuka, watoto wakaona njaa. Ngiri akaulizia kwa rafiki yake, akawaongoza huko. Nyumba ya Mbweha ilikuwa huko huko kilimani, juu kupita jiwe jeupe, kavu kabisa.

"Kumbe hukai bondeni?" Ngiri akauliza.

"Bondeni?" Mbweha akasema. "Nani mwenye akili akae bondeni?"

"Tukaribishe basi, watoto wamelowa."

"Ndiyo maana siwakaribishi. Mtanilowanishia."

"Umekula kwangu, Mbweha."

"Nilikula vizuri," Mbweha akasema. "Sijakataa." Akaingia ndani.

Muhanga aliwasikia. Hakuwa na chakula cha kuwapa, maana yeye hula mchwa. Lakini alikuwa na kucha, na alikuwa na shimo kuukuu lisilotumika. Akawapa, bila kumkumbusha Ngiri aliyomwambia. Kumkumbusha kungemfariji, maana angepata wa kubishana naye.

Maji yalikataa kuondoka. Watoto walitafuna magome machungu ya miti. Wakanywa maji ya matope, na Mize akashikwa na tumbo. Alilia siku nzima, akitaka maji safi. Ngiri alikaa pembeni akimsikiliza. Kila mtoto alipotaja maji safi, Ngiri alitazama miguu yake, ile aliyoinawisha kwa maji ya kibuyu. Safari hii hapakuwa na wimbo wa kuitikia. Mize alipona, lakini alibaki amekonda, na kwa muda mrefu akisikia ngurumo hukimbilia chini ya tumbo la mama yake.

Hatimaye maji yakarudi mtoni. Ngiri akasimama, akajikung'uta, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Haya, turudi kwetu."

"Nenda," Siwatu akasema. "Msalimie babu."

Ngiri hakwenda. Alikaa tena. Na siku Siwatu alipoanza kuchimba mlango wa nyuma wa shimo jipya, alisikia mtu anachimba kando yake. Hakugeuka kumtazama wala hakumshukuru. Alimwambia tu, "Panua upande wako." Ngiri akapanua. Siwatu alipoanika mizizi, Ngiri aliibeba. Mbweha alipokuja kuimba, hakupata mwitikiaji, akaenda zake.

Tangu siku hiyo ngiri hawaingii shimoni kichwa mbele. Huingia kinyumenyume, uso nje, macho yanatazama. Ukimwuliza atakwambia anajilinda, simba asije. Mwongo. Analinda mkia.

Basi enyi mnaosikiliza, hii ndiyo maana yake. Gharika haibishi hodi, na wingu la kwako si lazima likae juu ya paa lako. Weka akiba mahali pa juu, weka maji safi, fungua mlango wa pili, na wafundishe watoto pa kukimbilia wangali wanacheka. Atakayekucheka, usimjibu. Mtazame kwanza yeye mwenyewe analala wapi.

Hadithi nimeitua. Aliyeipenda aibebe akaitumie kwake, na iliyemchoma asinikasirikie mimi, akachimbe mlango.