Nguzo Uani kwa Mashavu

Zamani si zamani sana, mji mmoja ulikuwa na wauza umeme wawili. Mmoja wao, Bwana Mgeta, alimpandishia bei Mashavu, mwenye mashine ya kusaga.

"Kwa bei hii nitafunga mashine, bwana."

"Funga! Mwenzangu hana hata nguzo mtaa huu."

Asubuhi moja Mgeta alikuta nguzo ndefu imesimikwa uani kwa Mashavu.

"Ya nini hii?"

"Ya kunipunguzia shida. Waya unaletwa kesho."

"Dada, mbona haraka hivyo? Nakupunguzia bei nusu, mwaka mzima!" Mgeta akaandika mkataba na kutia saini papo hapo.

Kesho yake waya uliletwa kweli. Mgeta alipopita, aliukuta umefungwa kutoka nguzoni hadi ukutani, umejaa kanga mbichi.

"Karibu, bwana," alisema Mashavu. "Shida yangu ilikuwa pa kuanikia."