Koti Moja, Mabruda Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye kicheko akimalize sasa hivi, maana kisa hiki kinaudhi.

Zamani za kale, askofu mmoja wa Ulaya alimwandikia barua Khan, mfalme wa Wamongolia aliyekuwa akiteketeza miji ya watu. Alimtaka atubu. Kuandika ni rahisi! Kazi ya kuipeleka aliwaachia mabruda watatu, watawa walioapa umaskini, kila mmoja na kanzu yake na kamba kiunoni. Yeye akabaki kwake anaota moto.

Bruda Vernero alijaliwa jicho. Hata nzi hakumpita bila kuonekana. Bruda Aldemaro alijaliwa ulimi. Lugha za watu alizidaka kama wengine wanavyodaka mafua. Na Bruda Gausberto? Tumbo. Msicheke! Tumbo lile halikuwahi kukataa kitu.

Huko Umongolia, kila hema waliwekewa maziwa ya farasi yaliyochacha. Mgeni asipomaliza bakuli amemtukana mwenyeji, na mwenyeji ana upanga. Vernero alinusa, akaziba pua. Aldemaro alionja, machozi yakamtoka. Gausberto akanywa lake, akanywa la Vernero, akanywa la Aldemaro, akapiga mbweu kwa adabu. Wakaruhusiwa kupita, hema baada ya hema.

Mlangoni pa Khan, Vernero aliona kila aingiaye anainua mguu juu mno. Kumbe kukanyaga kizingiti cha mfalme ni kifo! Wenzake walikuwa wameduwaa wakitazama dhahabu iliyopamba hema lake. Akawakamata kamba za viuno.

"Rukeni, mabwege nyie!"

Wakaruka. Gausberto akatua ndani kama gunia la chumvi, lakini akatua mzima.

Aldemaro akaitafsiri barua. Iliposema Khan ni muuaji na apige magoti, walinzi walichomoa panga.

"Huyo bwana wenu haniogopi?" Khan akanguruma.

"Anakuogopa mno, mfalme," Aldemaro akajibu. "Angekuwa hakuogopi, angekuja mwenyewe. Ametutuma sisi."

Khan akacheka mpaka akashika mbavu. Panga zikarudi alani.

Kisha akatupa mbele yao koti moja la manyoya. "Atakayelivaa ndiye mjumbe wangu. Atapewa farasi kila kituo mpaka kwao, na jibu langu. Wawili watabaki kuchunga kondoo wangu mpaka wa tatu arudi hapa. Farasi yule pale mlangoni akishafungwa tandiko, muwe mmechagua. Mkishindwa, mtachunga wote watatu!"

Gausberto akapiga hatua mbele. Watatu wameteseka, anarudi mmoja? Mama yake alikuwa kikongwe alipomuaga, na alimwahidi kwamba atamzika kwa mikono yake.

"Koti ni langu," akasema. "Nimebugia uchungu wa mabakuli yenu. Bila tumbo hili mngekatwa vichwa kwenye hema la kwanza!"

"Wewe?" Vernero akafoka. "Mimi nilikurusha kama mbuzi mlangoni! Ningekuacha ukanyage, sasa hivi ungekuwa unabisha na malaika."

"Na mngeruka mkaangukia panga," akasema Aldemaro. "Nani alizirudisha? Mbweu?"

"Bruda, usinigusie mbweu yangu!"

"Sisi si tumeapa umaskini?" Vernero akauliza. "Mnang'ang'ania koti?"

"Tumeapa umaskini," Gausberto akajibu, "hatukuapa kufia hapa kwa barua ya mtu anayeota moto!"

Akalishika koti kwa mkono mmoja. Vernero akashika upindo. Aldemaro akashika ukosi. Wakavutana mbele ya mfalme, mabruda wazima, huku mtumishi akikaza mkanda wa mwisho wa tandiko.

Haya, nyie mnaonitazama, acheni kunitumbulia macho. Kuna tumbo lililowafikisha, jicho lililowaingiza, ulimi uliowaokoa. Ondoa kimoja, wote wamekufa. Farasi yuko tayari, na Khan amegeuka anawangoja. Ungekuwa wewe, koti ungemvika nani? Na wale wawili utakaowaacha na kondoo, ungewatazama usoni ukawaambia nini?