Kipimo Kilichoning'inia Msumarini

Wapendwa, leo tumependeza. Msidhani natabasamu peke yangu hapa mbele; nanyi mnatabasamu, nawaona. Miaka saba tumelijenga kanisa hili, na kina mama wamebeba mchanga kutoka bondeni kwa vichwa vyao, na leo mlango wake ni mpana hata harusi mbili zinaweza kupishana. Tuna haki ya kujivuna kidogo. Mimi mwenyewe jana nilizunguka jengo zima nikizipapasa kuta kama mtu anayenunua ng'ombe. Basi kwa kuwa leo ni siku ya kujivuna, acheni niwape habari za mtu aliyejua kujivuna kuliko sisi sote.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari, huko milimani. Watu walimpa jina la Mara Moja, kwa sababu injini aliyoifunga yeye haikufunguliwa mara ya pili kwa kosa lake. Naye jina hilo alilivaa. Kila asubuhi alifika gereji na ovaroli iliyopigwa pasi. Mmewahi kuona fundi wa ovaroli iliyopigwa pasi? Huyo ndiye.

Juu kabisa mlimani kulikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na gari moja kuukuu. Njiani kulikuwa na kona moja kali yenye mwinuko, ikiitwa Kona ya Shukeni. Gari likifika hapo liliishiwa nguvu. Dereva alikuwa na neno moja tu, "Shukeni," na abiria wakashuka, wakapanda kilima kwa miguu, gari likawangoja juu. Na mgonjwa je? Alishuka. Na mjamzito? Alishuka, akishikwa mkono. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kidonda mguuni, kila Jumanne alikwenda kusafishwa, na kila Jumanne alishuka hapo. Hata dereva alikuwa hana haja tena ya kumwambia.

Siku moja sista aliyeisimamia zahanati akamfuata fundi. "Fundi, hili gari linaumwa nini?"

"Haliumwi, Sista. Lina pumzi fupi." Akafunua boneti, akamwonyesha menifoldi, yale mabomba yanayoipelekea injini hewa, kila silinda na mdomo wake. "Hii yenu imepasuka, tena tangu mwanzo ilikuwa nyembamba. Tafuteni yenye midomo mipana, niifunge mimi. Jumanne gari litapita Shukeni likiwa limejaa, na hakuna mguu wa mtu utakaogusa chini."

"Una hakika?"

"Nikishindwa, msiniite Mara Moja tena. Niiteni mtakavyo."

Mnasikia? Jina ndilo alilokuwa nalo duniani, na jina ndilo aliloliweka rehani.

Menifoldi mpya ikaja, na fundi akafanya kazi ya kuonewa fahari. Siku mbili nzima alishika tupa, akayapanua hata matundu ya injini yenyewe ili yalingane na ile midomo mipana, kisha akayalainisha kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwaruza. Watu wakaacha biashara zao wakaja kutazama. "Fundi huyu!" wakasema. "Mikono ya dhahabu hii!" Naye akazidi kunyooka mgongo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakutia maji. Alifanya jambo dogo kuliko hilo.

Ilibaki kukata gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya menifoldi na injini ili hewa isivuje. Ukutani, kwenye msumari, alikuwa na kipimo cha bati alichorithi kwa mwalimu wake, marehemu, na kwa kipimo hicho alikuwa amekata gasketi za gari lile tangu ujana wake. Macho yake yalikuwa kwa watu, anawaeleza jinsi tupa inavyoshikwa. Mkono ukaenda wenyewe msumarini. Akakata. Matundu ya bolti yakakubali yote, hata moja halikugoma. Akafunga, akakaza, akapangusa mikono, na watu wakapiga makofi.

Jumanne ikafika. Fundi akaketi mbele na dereva, kifua mbele, ovaroli inang'aa. Nyuma walijaa: sista, wagonjwa, yule bibi, na wengine wasioumwa chochote, walitaka tu kuja kushuhudia. Kwenye tambarare gari likaenda vizuri, injini ikiimba. Likaanza mwinuko. Likafika kwenye kona. Likakohoa, likakohoa tena, likazima.

"Shukeni," dereva akasema, na aliona haya kulisema.

Bibi alikuwa ameshatanguliza mguu. Akapita karibu na dirisha la fundi, akamgusa bega. "Usijali, mjukuu wangu. Mimi nimezoea."

Afadhali angemtukana. Neno lile lilimwingia fundi kuliko matusi ya soko zima. Watu nao walimpenda, wakamfungulia mlango wa kutokea. "Mafuta ya siku hizi haya, fundi! Yamechakachuliwa." "Kweli, mafuta tu hayo. Kazi yako sote tuliiona."

Wapendwa, ungekuwa wewe, ungesema nini? Gasketi imebanwa kati ya vyuma viwili, haionekani. Hakuna mwingine pale aliyejua kutofautisha menifoldi na mwiko. Angetikisa kichwa tu, "Ni mafuta," jina lake lingerudi nyumbani salama. Na bibi angepanda kilima, Jumanne hiyo na zote zilizobaki.

Fundi alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Aliuona tena ukienda msumarini.

"Mafuta ni safi," akasema. "Lirudisheni gari mpaka chini kwenye tambarare. Nipeni spana zangu."

"Mara Moja anafungua mara ya pili?" mmoja akauliza, na vicheko vikatoka.

"Ndiyo. Na wewe sogea uone vizuri."

Akalala vumbini na ovaroli yake ya pasi. Akafungua. Akaitoa gasketi, akaibandika mbele ya mdomo wa menifoldi ili kila mtu aone: mdomo mpana kama bilauri, na tundu la karatasi dogo kama kikombe cha kahawa.

"Chuma ni kizuri," akasema kwa sauti, Sista asikie, bibi asikie. "Gari halina kosa, dereva hana kosa. Karatasi hii nimeikata mimi, kwa kipimo cha pumzi ya zamani. Hewa imekuja nyingi, nimeizuia mlangoni mimi mwenyewe."

Hapo hakuna aliyecheka. Akachukua karatasi mpya, na safari hii akailaza juu ya midomo yenyewe, akaigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka chuma kikajichora upana wake. Akakata palepale kilipojichora. Akafunga. "Pandeni."

Bibi alifumba macho tangu gari lilipoanza kupanda; sijui alikuwa anaomba au anaogopa. Alipohisi gari limeinua pua kwenye mwinuko, akashika kitasa cha mlango, mguu mzima tayari kutangulia.

Fundi akageuka. "Unakwenda wapi, bibi?"

"Si ndiyo Shukeni hii?"

"Shukeni iko kule chini. Kaa, bibi. Tumeshaipita."

Bibi akafumbua macho, akatazama nyuma, akaiona kona yake imebaki huko. Akaanza kulia, na gari zima likapiga vigelegele.

Na jina? Tangu siku ile watu wakamwita Mara Mbili. Nanyi mnadhani aliona haya? Alinunua rangi, akaliandika mwenyewe juu ya mlango wa gereji, herufi kubwa kuliko za zamani. Kile kipimo cha mwalimu wake hakukitupa. Kilikuwa chema kwa injini ya wakati wake. Alikiondoa tu msumarini.

Sasa niwageukie ninyi, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Kanisa letu la zamani lilikuwa na benchi kumi na mbili. Nafasi ilikuwa ndogo, tukaweka kipimo: huyu alizaa kabla ya ndoa, asimame nje kwanza, yule ametoka jela, angoje, yule bado ananuka pombe, akae dirishani, atasikia hukohuko. Nasi tukasema, tufanyeje, nafasi haitoshi. Leo Mungu ametupa benchi sitini. Na asubuhi hii nilipokuwa naingia, kwa fahari yangu yote, nimewakuta watu walewale wamesimama nje chini ya dirisha. Dirisha ni jipya. Wao wamesimama vilevile.

Nani amewaambia wasimame pale? Wanajua kona yao inapoanza, hawangoji hata kuambiwa. Nasi tutajibu nini leo? Mafuta yamechakachuliwa?

Hapana. Chuma ni kizuri. Nyumba hii ni nzuri, najivunia kila tofali lake. Karatasi tumeikata sisi, na wa kwanza kushika mkasi nilikuwa mimi, mchungaji wenu.

Mzee wa kanisa, fungua mlango huo, mabawa yote mawili. Nendeni mkawalete. Mketi nao, na mbele, msiwaweke nyuma. Na mmoja wao akitaka kuinuka kwa mazoea, wewe uliye karibu naye mshike mkono, umwambie: Kaa. Tumeshaipita.