Darasa la Kindovu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa, jua liliwaka, likawaka, likawaka. Visima vikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ya ndovu.

Ndovu hawakuwa wachoyo, ila walikuwa na desturi yao. Penye njia ya maji alikaa Ndovu mzee, akiuliza maswali kwa Kindovu. Kila mgeni ajibu kwa kinywa chake. Asiyejibu hanywi, maana hajulikani amekuja kwa heri au kwa shari.

Wanyama wadogo wakamwendea Korongo, aliyewahi kuishi na ndovu.

"Mwalimu, tufundishe Kindovu."

Korongo akawaketisha penye mwamba. Digidigi akaketi mbele kabisa. Nyumbani alimwacha mdogo wake amelala, midomo imepasuka kwa kiu.

Korongo akasema, wote wakafuata. Akaimba, wote wakaimba.

"Mmesikia?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Digidigi akainuka. "Mwalimu, naomba nijaribu peke yangu."

Akajaribu. Ulimi ukateleza.

Kwe! Kwe! Kwe! Nyani akacheka. "Jamani, huyu anaongea Kindovu au anapiga chafya?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Keti, mwanangu," Korongo akasema. "Unatuharibia sauti."

Digidigi akaketi. Hakuinuka tena.

Siku ya tano wakaenda. Ti, ti, ti, mpaka chemchemini. Wakaamkia kwa pamoja, sauti tamu kama za harusini. Ndovu mzee akapunga masikio kwa furaha. Akauliza kwa Kindovu:

"Mmekuja kunywa?"

"Ndiyooo!"

"Mtatuchafulia maji?"

"Ndiyooo!"

"Mmekuja kutupiga?"

"Ndiyooo!"

Gu! Gu! Ndovu mzee akakanyaga ardhi. Wakakimbia, vumbi likatimka. Njiani kifaranga wa Mama Kanga, mmoja wa wanafunzi, akalala chini kwa kiu, hakuamka. Wakamzika palepale. Nyani ndiye aliyechimba kaburi.

Korongo akainamisha shingo. "Kosa ni langu," akasema. "Niliwafundisha kuitikia. Sikuwafundisha kusikiliza, wala sikuwaacha mseme."

Kesho yake Korongo hakuimba. Akawapanga wawili wawili, wamepeana migongo, ili mtu asisome uso wa mwenzake. Mmoja aulize, mwingine asikilize, ajibu. Akikosea, aambiwe tena polepole.

Nyani akapangwa na Digidigi. Akauliza. Digidigi akakosea. Akauliza tena. Digidigi akakosea tena.

"Usiogope, dada," Nyani akasema. "Mimi sicheki tena. Sema."

Akasema. Asubuhi hadi jioni, akasema.

Siku iliyofuata mdogo wake hakufumbua macho. Digidigi hakungoja wenzake. Akaenda peke yake, na kibuyu shingoni.

Ndovu mzee akauliza. Akajibu. Akauliza la pili. Akajibu kwa kukwamakwama. Swali la tatu lilikuwa geni, hawakuwahi kulifanyia mazoezi. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi.

"Sijaelewa, mzee," akasema kwa Kindovu. "Rudia polepole."

Ndovu mzee akamtazama sana. Kisha akapiga magoti, akarudia neno moja moja.

"Nani. Anakungoja. Nyumbani?"

"Mdogo wangu. Kiu inamuua. Hawezi kutembea."

"Pita, mwanangu. Kunywa, kisha umchotee. Na wenzako waje, mmoja mmoja, tuzungumze."

Digidigi hakunywa. Alichota kwanza, akakimbia. Akamdondoshea mdogo wake tone la kwanza. Kimya. La pili. Kimya. La tatu, koo likasogea. Mtoto akameza.

Ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo: lugha hujifunzwa kwa kusikiliza na kusema, hata kwa kukosea. Anayemcheka mwenzake akijaribu, anamziba kinywa ambacho kesho kitaokoa uhai.

Hadithi yangu naiachia hapo. Sasa semeni ninyi, mimi nasikiliza.