Wakala wa Bibi Lubaba

Waliotutangulia wametusimulia kwamba katika mji wa Wasiti, nchini Iraki, aliishi mja mwema aitwaye Thaubani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuwasemea mafukara mbele ya kadhi. Hakupokea ujira wala zawadi, hata tende. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri aliketi barazani kwake, na aliyedhulumiwa akamwendea.

Siku moja alimjia mwanamke aliyejitanda shuka nyeupe. Alisema kuwa yeye ni Lubaba, mjane mwenye mabinti wawili, na kwamba Jahdari, mfanyabiashara wa ngozi wa Basra, anadai nyumba yao ni yake. Akampa Thaubani wakala wa kumsemea, mbele ya majirani wawili wa Thaubani, kama sheria itakavyo. Baadaye mmoja wa majirani alitaja jambo moja tu: jua lilikuwa kali, na mama yule alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Alikuja mara tatu. Kila mara aliletewa maji, na kila mara kikombe kilirudi kimejaa.

Asubuhi ya siku ya hukumu, Thaubani alimfuata nyumbani ili waongozane. Mlango ulifunguliwa na Umu Zura, mwosha maiti wa mtaa ule. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wakila mkate.

"Nimemfuata mama yao twende kwa kadhi."

"Sheikh, utani gani huu mbele ya watoto?"

"Si utani, mama. Jana alikuwa barazani kwangu."

Umu Zura akatoka nje na kuufunga mlango. "Nilimwosha kwa mikono hii, mwezi wa Rajabu. Huyo wako alivaa nini?"

"Shuka nyeupe. Haina pindo."

"Sanda haipindwi, sheikh."

Kisha Umu Zura akamsogelea. "Usimwambie kadhi. Jahdari katoka mbali, hajui kama mama yao amekufa. Ukisema, wakala wako umekwisha, na hawa wawili leo watalala njiani."

Thaubani akaenda kwa kadhi.

Huko, mashahidi wa Jahdari walikwisha kupingana, na kila mtu aliona hukumu inaelekea wapi. Lakini kadhi yule alikuwa na desturi ya kumuuliza wakili swali moja kabla ya kuhukumu.

"Aliyekupa wakala yu hai, na hajakuondoa?"

Neno "ndiyo" lingetosha.

"Ee kadhi," alisema Thaubani, "jana nilisema naye. Na amezikwa tangu Rajabu. Yote mawili nayajua, na la pili ndilo lenye shahidi."

Jahdari akacheka. "Hawa mafukara wa mjini hawamtoshi, sasa anapokea kesi za makaburini!"

Kadhi hakucheka. Alimwita Umu Zura, akamsikiliza, kisha akasema: "Wakala umevunjika, na yote yaliyosemwa chini yake yameanguka. Nyumba ni ya warithi, nao ni yatima. Yatima asiye na walii wa kumsimamia, walii wake ni kadhi. Basi mimi nakuweka wewe, Thaubani, uwe msimamizi wao. Nawe Jahdari, anza dai lako upya."

"Nitaleta mashahidi wengine."

"Walete. Lakini anayemdai marehemu hatoshelezwi na mashahidi. Naye mwenyewe huapa. Tutaanza na kiapo chako."

Jahdari akainua mkono. Akamtazama Thaubani aliyesimama mbele yake, kisha akatazama juu ya bega la Thaubani, na mkono ukabaki hewani.

"Nani huyo aliyesimama nyuma yako?"

Waliokuwepo walisema hawakuona mtu. Thaubani hakugeuka.

"Apa," alisema kadhi.

Jahdari akashusha mkono. Akasema kwamba nyumba haikuwa yake, wala haikupata kuwa yake, akatoka bila kuvaa viatu.

Ndugu zangu katika imani, huenda mtu akadhani kwamba mnyonge anastahili kusemewa hata kwa uongo, maadamu haki ni yake. Thaubani aliiona haki ile, na aliwaona watoto wale wakila. Alisema kweli akijua wanaweza kukosa paa. Siku ile mtetezi wao alibaki bila hoja yoyote, na Mola wao hakuwaacha.