Kinyonga na Jina la Samawati

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Anayetafuna mahindi atafune polepole, sitaki kushindana naye.

Hapo kale, kabla watu hawajawapa watoto majina ya rangi, palikuwa na mama aitwaye Kalunde. Akajifungua binti, na binti alitoka analia. Akalia siku ya kwanza, akalia ya pili, akalia ya tatu, ziwa hataki.

Enzi hizo mtoto akilia hivyo, watu walijua anadai jina lake. Alitajiwa majina ya mababu moja moja, na kwa lile alitakalo alinyamaza akanyonya. Basi Bibi Nyamizi, mama mkwe wa Kalunde, akataja ya upande wa baba. Mtoto analia. Akataja ya upande wa mama. Analia. Akataja hata la yule babu mwizi wa kuku ambaye hatajwi kabisa. Ndiyo kwanza akazidisha!

Jirani yao Milembe, naye mjamzito tumbo hilo, akasema mtoto huyo hafiki Ijumaa. Mdomo ule, jamani, ulistahili pilipili.

Sasa kwenye ua alikaa Kinyonga, na kelele zilimnyima usingizi. Akaamua kwenda. Mwendo wake mnaujua: hatua ya kwanza anafikiri, ya pili anajuta, ya tatu anasahau aendako. Alipofika, mtoto amebakiza kisauti tu, na Kalunde analia kuliko yeye.

"Mtoto wa Kalunde, wataka hii?" Kinyonga akawa kijani. Mtoto analia.

"Wataka hii?" Akawa mwekundu. Analia.

"Wataka hii?" Akawa manjano. Analia tu.

Ilibaki moja, ambayo Kinyonga aliivaa harusini tu. Akawa samawati, ile ya mbingu iliyotakata baada ya mvua. Mtoto akanyamaza. Akashikwa na kwikwi, akacheka, akalidaka ziwa.

"Mwite Samawati," Kinyonga akasema. "Rangi ikishakuwa jina la mtu, hainirudii tena. Nimempa."

Kalunde akalificha jina. Aliogopa mwingine akilichukua, wake ataanza kulia upya. Mbele za watu mtoto akaitwa "wewe".

Mwezi haukwisha, Milembe akajifungua. Wake naye akalia siku tatu, ziwa hataki, na rangi zilizomsalia Kinyonga nazo hazitaki. Milembe akaja kuomba jina, Kalunde akakataa. Akaja tena, akakataa. Mara ya tatu hakuja, nguvu zimemwisha. Kilichovuka ua ni kilio peke yake. Kalunde akahisi maziwa yanamchuruzika, nguo imelowa, kwa kilio cha mtoto wa mwenzake.

Akambeba binti yake, akaenda. Akamwinamia yule mchanga.

"Samawati."

Mtoto akanyonya. Kalunde akamtazama wake kwa hofu. Amelala, anatabasamu.

Lo, tangu hapo! Wasichana Samawati, wavulana Samawati, mpaka Bibi Nyamizi na uzee wake akataka abadilishiwe jina. Ukimtuma Samawati kuni, hapana asikiaye. Ukimwita Samawati aje kula, wanakuja kumi na wanane, na wote wana haki.

Jina jema halichakai kwa kuitwa na wengi.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka amwachie mwenzake. Haya, Samawati, niletee uji.

Mnaona? Watano wamejifanya wamelala.