Nguchiro Wapika Halua ya Idi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya wenye njaa au ya walioshiba? Haya, wadogo sogeeni mbele, wakubwa tulieni, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama nao walipokuwa wakifunga Ramadhani, palikuwa na familia ya nguchiro. Walikaa ndani ya kichuguu kikuukuu: Bwana Shekue, mkewe Zawena, watoto wao wengi kama utitiri, na Bibi, mama yake Shekue.

Bibi huyu alikuwa bingwa wa halua. Kila ikikaribia Idi, aliwatoa wote nje, akafunga mlango wa jiko, akabaki na sufuria yake. Huko nje wakausikia mwiko tu. Choro, choro, choro. Mlango ukifunguka, halua tayari, nyekundu, inanukia iliki. Zawena aliolewa pale siku nyingi, akazaa, akalea, lakini mwiko ule hajapata kuushika. Jambo hilo lilimkaa moyoni, ila hakusema.

Basi mwaka mmoja, wakati wa kipupwe, mkono wa kulia wa Bibi ukapooza. Akalala chumba cha ndani, akageukia ukuta. Akiletewa uji, anaonja, anausukuma. Ramadhani ikaingia, ikaenda, ikakaribia kwisha. Shekue akamwuliza mama yake habari za sikukuu. Bibi akajibu bila kugeuka, "Mwaka huu hakuna halua. Na mimi msinihesabu."

Zawena aliyasikia kule jikoni, yakamuuma. Akasema moyoni, nitaipika mimi, ataionja, atainuka. Sukari guru ilikuwapo. Ndovu ndiye aliyewapa, baada ya nyumba nzima kumpalilia shamba lake la miwa. Haikuwa nyingi.

Zawena akafanya kama alivyoona ikifanywa. Akawatoa wote nje, akafunga mlango. Akayeyusha sukari, akamimina wanga, akashika mwiko. Choro, choro, choro. Mkono ukachoka. Choro... choro. Akasema apumzike kidogo tu, apanguse jasho. Kurudi, moshi, fuu! Chini imeungua, nyeusi tititi.

Wakajaribu tena, safari hii wote wakiwa ndani. Ikawa vurugu. Huyu avuta mwiko, yule avuta mwiko. Mmoja aongeza maji, mwingine aongeza samli. Shekue ataka moto mdogo, Zawena ataka moto mkubwa. Walichopata si halua, ni uji wa madonge. Kitindamimba wao akalamba, akasema ni mtamu. Alisema kwa kuwahurumia tu, maana uso wake ulijikunja.

Sukari iliyobaki ilitosha sufuria moja, na mwezi ulitazamiwa kuandama jioni ile. Shekue akashauri waiweke, wasije wakakosa yote. Zawena akaketi kando ya mafiga, viganja vimevimba malengelenge. Aliogopa kwenda chumba cha ndani. Aliogopa kuonekana mke asiyejua kitu. Akakaa, akakaa, mwisho akainuka. Akaenda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Mama. Nimeunguza. Nimejaribu tena, nimeharibu. Nifundishe."

Bibi akasema na ukuta, "Nikufundishe kwa mkono upi?"

"Mikono tunayo sisi, Mama. Hatujui tu."

Bibi akageuka, machozi yanamlengalenga. Akamweleza mkwewe kwamba miaka yote ile alifunga mlango si kwa kuwa halua ina siri. Aliogopa. Alidhani siku watakayojua wote kuipika, yeye atakuwa kizee tu wa kulishwa uji.

"Na sasa ndivyo nilivyo," akasema. "Ninyanyue."

Wakamleta jikoni, wakamkalisha kwenye mkeka. Akaanza kuagiza. Kuni zipunguzwe. Sukari ichujwe. Wanga umiminwe mwembamba kama uzi. Shekue akoroge, akichoka Zawena ampokee, kisha watoto wawili wawili, na mwiko usisimame hata kidogo. Mwenyewe akafumba macho, akaisikiliza sufuria. Choro, choro. Pwata, pwata. Akasema samli, wakatia samli. Pwata, pwata, pwata. Jua likateremka, mikono ikapokezana, watoto wakaanza kuimba kwa kuufuata mwiko. Zawena alipoona halua inaachana na sufuria yenyewe, inang'aa, alipiga kigelegele. Bibi akaagiza iliki na korosho, kisha akasema epueni.

Asubuhi ya Idi wageni wakaja. Kobe, aliyekula halua ya nyumba ile tangu ujana wake, akatafuna polepole. Akatafuna tena. Akasema hii siyo ile ya Bibi. Hii laini zaidi, na kwa mbali ina moshi. Zawena akainamisha kichwa.

"Kweli, si yangu," Bibi akasema. "Hii kapika mkwe wangu na watu wake. Niongezee kipande, mwanangu."

Akala kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akaomba kahawa, na akataka aambiwe habari zote za mtaa zilizompita alipokuwa amelala.

Basi, ajuaye jambo alifundishe angali hai, na asiyejua aulize, asione haya. Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake gawaneni, mwiko nauweka chini.